Mtu wa Hewa

Ukitaka kujua daktari mpasuaji ni mtu wa namna gani, usihangaike kumuuliza mkewe. Niulize mimi. Mimi ndiye fundi wa benki ya macho, nakaa chumba cha mwisho ghorofa ya chini, karibu na mashine ya kufulia mashuka. Kila daktari wa macho wa hospitali hii hunipigia simu kuniambia konea yake aitakavyo, utadhani anaagiza suruali kwa fundi cherehani.

Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho. Watu wema hukubali wakiwa hai kwamba wakifa yao ichukuliwe apewe mwingine, nami huipokea, huipima, huihifadhi kwenye chupa yenye maji yake, halafu huitayarisha apendavyo mwenye kisu. Na hapo ndipo penye vita.

"Fundi, mimi nipe nzima," husema mmoja. "Unene wote. Kushona nitashona mwenyewe."

"Fundi, nikatie kipande cha nyuma tu," husema mwingine, "lakini kisiwe chembamba mno. Mikono yangu si ya malaika."

Kulikuwa na wa tatu. Huyo alikuwa hapigi tena, miaka miwili sasa na miezi minne juu yake. Yeye alikuwa hataki nzima wala kipande. Alitaka utando wa nyuma peke yake, ule mwembamba ambao ukiuweka majini huuoni mpaka uutie rangi ya buluu. Nilikuwa nikimchunia kwa kibanio, kidogo kidogo, pumzi nimeibana, nao ukitoka unajikunja wenyewe kama ganda la kitunguu. Yeye huuingiza jichoni kwa tundu dogo, akaukunjua kwa matone ya maji, kisha akaweka kiputo cha hewa chini yake kiusukume juu ushike. Hakuna uzi wa kuushikilia. Mgonjwa analala chali siku tatu akitazama dari, hewa inafanya kazi yake, basi.

Ndiyo maana baba yangu akampachika jina la Mtu wa Hewa.

Baba hakuwa mtu wa kupachika watu majina ovyo. Alikuwa Profesa, amewafundisha nusu ya madaktari wa macho ninaowajua, na kwake konea ni nzima na mishono kumi na sita, uzi mwembamba kuliko unywele, duara lote. "Kitu kikishonwa kimeshonwa," alikuwa akisema. Na siku niliyothubutu kumwambia nani ananipenda, aliweka kijiko chini akaniuliza, "Mwanamume anayeshikiza jicho la mtu kwa hewa, wewe atakushikiza kwa nini?"

Nilicheka siku hiyo. Nilikuwa na miaka thelathini na nne na nilikuwa nimependa hadi nikawa mjinga, kila kitu kilinichekesha. Sasa nina thelathini na sita, na kicheko changu huwa nakisikia kwenye simu tu, nikiongea na watu wa maabara.

Asubuhi hiyo ya Jumanne simu iliita kabla sijavaa koti. Alikuwa mkuu wa idara, mama mmoja mwenye maneno machache na hatua ndefu.

"Fundi, una konea ngapi zenye chembe hai nzuri?"

"Mbili, daktari."

"Usimpe mtu. Saa nne kuna kikao, mgonjwa mmoja tu. Njoo na mafaili yake. Umekaa?"

"Nimesimama."

"Basi kaa. Mgonjwa ni baba yako."

Nilikaa. Nikitaka kusema ukweli, nilijua na sikujua. Baba alikuwa ameacha kupasua miezi minane, akasema mgongo. Asubuhi alikuwa akikaa mezani na chai mpaka inapoa, akisema anatafakari. Gazeti alilisoma baada ya chakula cha mchana tu. Mimi, fundi wa macho, ninayejua kama jina langu kwamba konea ikianza kufa chembe za nyuma inavimba maji usiku, na mgonjwa anaamka na ukungu unaopungua jua likipanda, mimi niliimeza ile hadithi ya mgongo nikaishushia na maji. Tulikuwa tunaishi nyumba moja watu wawili, na kila mtu alikuwa akiishi peke yake.

"Na jicho la kushoto ni lile la ajali ya utotoni," mkuu akaendelea, "halioni ila mwanga. Kwa hiyo tunazungumzia jicho moja. Sitaki kuamua peke yangu. Nimemwita mtu atoe maoni."

"Mtu gani?"

"Unamjua. Ameshafika, yuko kantini anakunywa chai." Akakata simu. Hakunipa hata nafasi ya kukohoa.

Chumba cha uchunguzi kilikuwa na viti vitano vya plastiki, mashine ya kupimia macho, na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kulalamika. Baba alikuwa kwenye kiti cha mgonjwa. Sikuwahi kumwona kwenye kiti hicho. Pembeni yake alikaa shangazi, dada yake mkubwa, mkoba mapajani, uso umekaza. Kumbe yeye alijua. Baba alimwambia dada yake, mimi mwanawe hakuniambia.

"Usinitolee macho," shangazi akanirukia kabla sijasalimia. "Nilimwambia tangu mwanzo, mficha maradhi kifo humuumbua. Hasikii! Mganga hajigangi, lakini huyu baba yako anataka kujiganga na kujizika."

"Dada," baba akasema.

"Dada nini? Juzi umemsalimia mwanasesere dukani ukamuuliza habari za watoto."

Mlango ukafunguliwa. Sikuhitaji kugeuka. Kuna watu unawajua kwa namna wanavyofunga mlango, nao yeye huufunga kwa mikono miwili, polepole, kana kwamba upande wa pili kuna mtoto amelala. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa na mikunjo ya safari, na mvi zilikuwa zimeanza juu ya masikio, zile mvi nilizomwahidi kwamba nitazing'oa moja moja.

"Shikamoo, Profesa."

Baba aligeuza kichwa kuifuata sauti. Hakugeukia uso, aligeukia sauti, na akakosea kidogo, akawa anautazama ukuta.

"Marahaba," akasema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda hivi hakuna chakula huko?"

Kisha akanifikia mimi. Zamani aliniita Mboni. Aliniita hivyo hata mbele ya wauguzi, nikawa nakasirika kwa mdomo huku roho inacheza.

"Habari za kazi, fundi," akasema.

"Nzuri," nikajibu. Uongo mtupu.

Mkuu hakupoteza muda. Alisoma vipimo, akafunga faili, akasema, "Profesa, jicho ni lako. Anza wewe."

"Nzima," baba akasema. "Mishono kumi na sita. Mwanafunzi wangu yeyote anaweza. Tumalize, watu wana kazi."

"Mimi nasimama katikati," mkuu akasema. "Kipande cha nyuma chenye unene kidogo. Hakijikunji wala hakisumbui mikono, na jeraha ni dogo. Hutaona kwa ukali kama ulivyokuwa kijana, sikudanganyi, lakini mtu analala usingizi."

"Nani analala?" shangazi akauliza. "Mgonjwa au daktari?"

"Wote wawili, mama." Mkuu hakucheka, ila nilimwona akiuma mdomo. Akamgeukia aliyekuja na mikunjo ya safari. "Na wewe?"

Alisogeza kiti chake kikatazamana na cha baba, magoti karibu kugusana. Hakukaa kidaktari. Alikaa kama mtu aliyekuja kuomba kitu.

"Profesa, naomba ruhusa nisikubaliane na wewe."

"Umelipiwa nauli usikubaliane. Endelea."

"Tukifanya nzima, kuna dakika kadhaa ambapo ya zamani imetoka na mpya haijakaa. Jicho liko wazi. Ukikohoa, presha ikipanda, kila kilichomo kinaweza kutoka."

"Nimefungua macho zaidi ya elfu mbili."

"Najua. Na ni wewe uliyenifundisha kuiogopa hiyo dakika." Akaendelea, "Tuseme imepita salama. Mishono inakaa mwaka mzima. Kuona vizuri ni mwaka na nusu, na miwani mizito juu yake. Kwa mtu mwenye macho mawili, sawa. Wewe una moja. Utashikwa mkono mwaka na nusu."

Vidole vya baba vilikuwa vinatembea juu ya goti, kimoja kimoja, na nilijua vinafunga fundo la uzi ambao haupo.

"Utando je?" mkuu akauliza.

"Utando, wiki sita anasoma gazeti. Asubuhi, siyo mchana. Na mwili huukataa mara chache kuliko nzima. Ubaya wake sitauficha. Katika watu kumi, mmoja au wawili utando unabanduka pembeni, tunawarudisha kuongeza hewa. Na ni lazima alale chali. Siku tatu."

"Huyu?" shangazi akadakia. "Huyu hawezi kulala chali hata kwenye jeneza!"

"Kuna ubaya mwingine hukuusema," baba akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Niliijua sauti hiyo, ndiyo aliyokuwa akiwafukuzia wanafunzi darasani. "Utando unaweza kukaa kichwa chini. Au umesahau? Sikuwa mimi niliyemwekea yule mwalimu wa shule utando juu chini, akakaa wiki mbili gizani akimwomba Mungu, mpaka ukatolewa ukawekwa mwingine. Nilikuwa mwenyekiti wa kikao kile. Nilikuuliza mara tatu ilikuwaje. Mara tatu ukasema kosa langu, kosa langu, kosa langu. Leo nikupe jicho langu la mwisho?"

Feni ililalamika peke yake. Yeye aliinamisha kichwa. Kabla hajainamisha, alinitazama. Ilikuwa mara moja tu, haraka, kisha akayaondoa macho kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake. Hakuwa akiniomba kitu. Alikuwa akinihakikishia kwamba hatasema. Hata leo, hata hapo, na jicho la baba yangu liko mezani, hatasema.

Nikae tena kimya? Nilikuwa nimekaa kimya miaka miwili na nilikuwa nimeshajua kimya kinavyolala kitanda kimoja na mtu. Nikikaa kimya leo, baba atashonwa mishono kumi na sita kwa sababu ya uongo wangu. Nikisema, sitakuwa tena yule binti ambaye baba humtambulisha kwa wageni, "huyu mikono yake imenizidi mimi." Sikuwa na kingine cha kujivunia duniani.

"Baba," nikasema. "Alama niliiweka mimi."

"Alama gani?"

"Ya yule mwalimu. Unajua huwa naweka alama ya wino kwenye utando, mfano wa mshale uliopinda kulia. Daktari akiangalia kwa hadubini akiuona umepinda kulia, anajua utando umekaa sawa. Ukipinda kushoto, uko kichwa chini." Nikaendelea. "Siku ile niliipiga upande usio wake. Yeye aliona mshale umepinda kulia. Aliweka sawasawa na alama. Alama ndiyo iliyokuwa mbaya."

"Wewe mtoto!" shangazi akasema kwa kunong'ona, na yeye si mtu wa kunong'ona.

"Rudia," baba akasema.

Nikarudia. Safari hii nikaongeza na sababu, maana nusu ya ukweli ni uongo uliovaa vizuri. Asubuhi ile nilikuwa na kibanio mkono mmoja na simu begani, na yeye alikuwa ananiambia Jumapili atakuja nyumbani kwa baba, na wazee wake, kuniomba rasmi. Nilifurahi mno. Nilikuwa nacheka huku napiga alama. Nilipogundua, yule mwalimu alishakuwa gizani, kikao kilishaitishwa, na mtu niliyempenda alishasimama akasema kosa langu. Jumapili ilipofika hakuna aliyekuja. Alisimamishwa kupasua miezi sita, na ilipokwisha akahamia mji mwingine.

Baba aligeuza uso, safari hii akampata sawasawa. "Ulijua?"

"Nilijua tulipoutoa, Profesa. Niliuona mezani."

"Na ukanyamaza. Kwa ajili ya mapenzi."

"Hapana." Alisema taratibu. "Utando ule ulikuwa unajikunja upande ambao haukupaswa kujikunja. Macho yangu yaliniambia. Mkono ukasita. Nikaiamini alama kuliko macho yangu, kwa sababu ya aliyeiweka. Kibanio kilikuwa mkononi mwangu. Ulinifundisha mwenyewe kwamba aliyeshika kibanio hana mtu wa kumsingizia."

Baba akasema, "Nilikuita Mtu wa Hewa mbele ya wanafunzi."

"Wananiita hivyo hata huko nilikohamia. Jina lilinitangulia kufika."

Shangazi alitokwa na kicheko, akakiziba kwa kiganja.

"Samahani," baba akasema. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, hata mama alipokuwa hai na kulikuwa na mengi ya kuombea radhi. "Utando. Alhamisi. Afanye yeye."

"Nani ataandaa?" mkuu akauliza, na macho yake yalikuwa kwangu, makavu. "Fundi, leo utaniandikia ripoti, kwa mkono wako, neno kwa neno. Kitakachofuata sikijui."

"Aandae yeye," Mtu wa Hewa akasema. "Hakuna anayechuna kama yeye. Ila nitashuka kuiangalia alama mwenyewe kabla haijatoka chumbani kwake. Tangu siku ile nafanya hivyo kwa kila fundi."

Kikao kikaisha. Baba alisimama, akanyoosha mkono hewani kutafuta wa kumshika. Nilikuwa karibu naye zaidi. Nikasogea. Aliyasikia manukato yangu, nina hakika, kwa sababu mkono ulihama, ukaenda ukampata shangazi.

Alhamisi saa mbili na nusu alishuka. Nilikuwa nimeshauchuna, nimeutia rangi, nimepiga alama, nimeitazama mara nne. Aliposimama nyuma yangu nilijua bila kugeuka, maana alikuwa bado anatumia sabuni ileile.

Alikaa kwenye stuli yangu, akaweka macho kwenye hadubini. Nikakitazama kisogo chake. Kilikuwa kimenyolewa vibaya, bila shaka na kinyozi asiyemjua.

"Kulia," akasema. "Iko sawa. Chembe nzuri, pia."

"Ahsante."

Hakuinuka. Akaendelea kutazama kitu alichokwisha kukiona.

"Kwa nini hukupokea simu zangu?" akauliza, macho yakiwa bado kwenye hadubini.

"Aibu."

"Ulidhani nitakulaumu?"

"Nilidhani utanisamehe. Hilo ndilo nililoliogopa. Ningepokea, ungesema hakuna neno, halafu mimi ningekuwa nani?"

Alitikisa kichwa. "Sikupiga kuhusu utando, hata siku moja. Nilikuwa mji wa watu, chumba kimoja, sina hata jirani wa kumwomba chumvi. Nilikuwa nikirudi jioni napiga, nataka mtu aniulize tu, umekula? Basi. Ungeniuliza umekula, ningejibu nimekula, tungekata. Nilikuwa nikiiacha inaita mpaka inakatika, halafu nakula nimesimama."

Machozi yalinitoka bila hodi. Sikuyafuta, nilikuwa nimevaa glavu.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa nimezoea." Ndipo akageuka akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Nimezoea, na hilo ndilo linalonitisha. Siku hizi simu ikiita jioni nakasirika."

"Nikikupigia mimi, je?"

"Kuhusu nini?"

"Kukuuliza umekula."

Alichukua chupa kwa mikono miwili. Alifika mlangoni, akasimama, mgongo wake kwangu.

"Piga," akasema. "Siahidi kupokea." Akaufunga mlango polepole.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nilikuwa chini nikisikiliza mashine ya mashuka, nikijua ni dakika gani utando unaingia na ni dakika gani hewa inafuata, na hakuna aliyekuja kuniambia. Nilipopanda wodini baba alikuwa ameshalazwa chali, ngao ya plastiki juu ya jicho, mikono kifuani.

"Nani?" akauliza.

"Mimi, baba."

"Aa," akasema. Basi.

Siku mbili nilimlisha uji kwa kijiko. Alifungua mdomo, akameza, akasema ahsante kama anavyomwambia muuguzi. Asubuhi Mtu wa Hewa alikuja, akawasha taa yake ndogo, akamwambia baba, "Hewa imebaki robo tatu, utando umeshika," na kesho yake, "Hewa imebaki nusu, usigeuke." Kwangu alisema, "Fundi, dawa ya matone kila baada ya saa mbili." Nilisema ndiyo, daktari. Sikumlaumu. Mchana kila mtu ana kazi yake.

Ila jioni ni nyingine. Alhamisi saa kumi na mbili nilisimama dirishani nikapiga. Iliita mpaka ikakatika. Nilijua nyumba ya wageni aliyofikia iko mtaa wa pili tu, na kwamba simu ile iko mezani karibu na mkono wake, na kwamba anaitazama. Ijumaa nikapiga. Ikaita, ikakatika. Shangazi aliniona, akajifanya anapanga chupi za baba kabatini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema kitu.

Jumamosi shangazi alikwenda nyumbani kubadili nguo. Tulibaki wawili, baba na dari yake, mimi na dirisha langu. Nikapiga. Wodi ilikuwa kimya, na mlio ulisikika mpaka kitandani, krr, krr, krr, kisha ikakatika.

"Unampigia nani?" baba akauliza.

Ningeweza kusema maabara. "Yeye, baba."

"Amepokea?"

"Hapana."

Nikadhani ndiyo mwisho wa maongezi, kama siku zote. Nikaiweka simu mfukoni, nikasogeza kiti nimtie matone.

"Yeye alikupigia kwa muda gani," baba akasema, "kabla hajaacha?"

"Miezi minne."

"Kila siku?"

"Kila jioni."

"Na ulikuwa ukiiona inaita."

"Nilikuwa naishika mkononi, baba."

Mkono wake uliinuka kutoka kifuani, ukatafuta hewani, ukanipata kwenye kiwiko. Ulikuwa mkono wa baridi na mwepesi kuliko nilivyoukumbuka. Hakugeuza kichwa. Alikuwa amekatazwa, na kwa mara ya kwanza alikuwa mgonjwa mtiifu.

"Na wewe umempigia siku ngapi?"

"Leo ya tatu."

"Siku tatu," akasema, akiitazama dari. "Piga tena, mwanangu."